Land Cruiser 80 imelala nyuma na imeegemea upande, nitapimaje imenyanyuliwa kiasi gani kabla sijanunua springi?

Mkongwe80

Wakuu habari zenu. Nina Land Cruiser 80 ya mwaka 1994, injini ya 1HZ, nimeinunua kwa mtu ambaye naye aliinunua kwa mtu, kwa hiyo historia yake siijui vizuri, aliyeniuzia alichoniambia ni kwamba imenyanyuliwa inchi mbili basi. Mimi nikiitazama naona mbele ipo juu kidogo, nyuma imelala, na ukisimama nyuma yake kama hatua kumi unaona kabisa imeegemea upande wa dereva (kulia). Nikipita kwenye tuta nikiwa na watu wanne na mizigo nyuma inagonga kule chini, mlio mzito ambao unausikia mpaka kwenye kiti.

Nataka kubadilisha springi zote nne na shokapu zote. Nimepima kwa tepu kutoka chini mpaka ukingo wa madigadi nikapata mbele kulia sentimita 89.5, mbele kushoto 91, nyuma kulia 88, nyuma kushoto 89. Kuna jamaa yangu ana 80 kama hii ambayo springi zake hazijawahi kuguswa, kwake ni 88.5 mbele na 90 nyuma, pande zote sawa. Kwa hesabu yangu basi mbele yangu imenyanyuliwa kama sentimita 2 na nyuma imeshuka kama sentimita moja na nusu.

Tairi nilizonazo ni 285/75R16. Mbele kuna bampa la chuma na winchi. Nyuma nina masanduku mawili ya vifaa na tangi dogo la maji, hivyo havishuki kabisa. Sasa ninunue springi za inchi 2 au 3? Na zile za kubeba mzigo mzito au za kawaida? Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela.

---

fundi_timazi

Mkuu karibu, umefanya vizuri kuuliza kabla, wengi wanakuja wakiwa wameshafunga.

Kwanza hivyo vipimo viweke pembeni. Ukipima kutoka chini mpaka kwenye madigadi umepima tairi, upepo, sakafu na springi vyote kwa pamoja, halafu unataka kuilaumu springi peke yake. Jamaa yako ana tairi gani? Kama ni 275/70R16, kimo cha ile tairi ni kama milimita 791. Yako ya 285/75R16 ni kama 834. Tofauti ni 43, na kwa sababu ekseli inakaa katikati ya tairi wewe unapata nusu yake, yaani kama milimita 21. Hizo sentimita 2 zako za mbele umezipata kwenye tairi mkuu, springi hapo haijafanya kitu.

Pima hivi. Tafuta sehemu iliyonyooka kweli, usiamini macho. Mimi natumia ule mpira mwembamba wa maji wa mafundi ujenzi, unaujaza maji, ncha moja unaishikiza kwenye tairi la mbele nyingine kwenye la nyuma, unaangalia maji yamesimama wapi, halafu unafanya hivyo kulia na kushoto. Sakafu nyingi za gereji zimeinama kwenda kwenye mtaro, sentimita moja au mbili inapotea hapo na hujui. Upepo wa tairi uwe sawa kulia na kushoto. Andika mafuta yaliyomo kwenye tangi ni kiasi gani maana ukirudia kupima baada ya springi mpya lazima iwe vilevile. Kisha isukume gari mbele mita kadhaa irudi nyuma, halafu iruke-rukishe kwa kukandamiza bampa mara tatu nne, iache ikae yenyewe. Hilo watu wanaliruka na ndilo linalowapa namba za uongo, gari ikishushwa kwenye jeki zile tairi zinakuwa zimebana chini na bushi zimejikunja, inaweza kusimama juu zaidi ya inavyotakiwa mpaka utembee kidogo.

Sasa chukua uzi ufunge nati ndogo iwe timazi, uning'inize kutoka ukingo wa chuma wa madigadi (usipime kwenye ile plastiki ya pembeni, ile inalegea na kushuka) upite mbele ya katikati ya habu (kile kitovu cha tairi). Pima kutoka katikati ya habu mpaka ukingo. Hapo tairi imetoka kwenye hesabu. Kona zote nne. Mwambie na jamaa yako afanye hivyohivyo.

Na kingine ambacho kwangu mimi ni muhimu kuliko vyote, lala chini uangalie ile raba nyeusi ya bampstopu, ile inayozuia ekseli isigonge chesesi. Pima nafasi kati ya raba na pale inapogonga. Madigadi yapo kwenye bodi, na bodi imekaa juu ya raba zake kwenye chesesi, gari ya miaka thelathini zile raba zinakuwa zimekwisha bodi imeshuka, au kuna mtu aliweka vipande vya kunyanyua bodi. Ukipima madigadi peke yake unaweza kusingizia springi kosa la raba. Nafasi ya bampstopu haidanganyi, ile ni ekseli na chesesi moja kwa moja.

---

Pikapu Ngumu

Mimi nina pikapu ya springi za mabapa siyo koili lakini ugonjwa ni huohuo. Ushauri wangu funga nyuma springi za kubeba kilo 400 umalize kazi, hutasikia kugonga tena. Mimi niliongeza mabapa mawili na sasa hata nikipakia tani haishuki.

---

Dada Spana

@Pikapu Ngumu kaka, gari yako wewe inabeba kila siku, ndiyo maana unaiona iko sawa. Yeye mzigo wake wa kila siku haufiki huko. Springi ya kilo 400 ikikaa bila kilo 400 gari inasimama na mkia juu, nyuma inarukaruka kwenye barabara ya matuta madogo madogo, na tairi inayoruka haishiki barabara, ukikata kona yenye changarawe nyuma inakwenda upande. Halafu abiria wa nyuma wanateseka bure. Springi inachaguliwa kwa uzito uliopo kwenye gari siku zote, ule wa mara tatu kwa mwaka unatafutiwa njia nyingine.

@Mkongwe80 kaka usinunue kitu bado. Leta vipimo alivyosema fundi_timazi, na ongeza hivi: uzito wa bampa na winchi, na uko umbali gani mbele ya ekseli, masanduku na maji kilo ngapi, na safari ndefu unapakia nini.

---

Mkongwe80

Asanteni sana, nimeshinda nayo leo tangu asubuhi. Na kweli sakafu niliyopimia mwanzo imeinama, mpira wa maji umeonyesha milimita 12 kutoka mbele kwenda nyuma, nimehamia sehemu nyingine.

Habu mpaka ukingo: mbele kulia 49.5, mbele kushoto 51, nyuma kulia 48, nyuma kushoto 49. Jamaa yangu (ndiyo, ana 275/70R16) mbele 50.5 na nyuma 52. Kwa hiyo wakuu hakuna cha inchi mbili hapa, mbele ipo sawa na isiyoguswa au chini kidogo na nyuma imeshuka sentimita tatu na nusu. Niliposoma ile namba ya nyuma nilirudia mara tatu sikuamini. Nafasi ya bampstopu nyuma kulia ni milimita 55 na kushoto 64.

Bampa ni kilo 65, winchi na waya wake kilo 40, katikati ya uzito wake ni kama sentimita 95 mbele ya ekseli. Masanduku na vifaa kilo 70, maji kilo 50, vyote vipo karibu juu ya ekseli ya nyuma. Safari ndefu mara mbili tatu kwa mwaka naongeza kama kilo 250 na watu.

Swali sasa, kuegemea kulia kunatoka mbele au nyuma? Maana mbele tofauti ni kubwa zaidi, milimita 15, nyuma 10. Mimi nahisi springi ya mbele kulia imechoka.

---

fundi_timazi

Usihisi, pima. Bodi ni kitu kimoja kigumu, nyuma kulia ikilegea inaweza kuvuta na mbele ikaonekana imelala, au kinyume chake. Kuna njia ya kuzitenganisha.

Weka kabari nzito tairi za mbele zote mbili, mbele na nyuma ya kila tairi. Usitegemee hendibreki hapa, kwenye hii gari hendibreki inashika tairi za nyuma na hizo ndizo unazinyanyua, na kuweka gia nako hakutakusaidia kama difu ya katikati haijafungwa maana tairi za nyuma zikiwa hewani zinazunguka tu na za mbele zinabaki huru. Halafu weka jeki chini ya katikati ya ekseli ya nyuma, nyanyua tairi zote mbili zitoke chini kidogo tu, sentimita moja inatosha. Usiingie chini ya gari. Ekseli ikikaa kwenye jeki katikati inakuwa kama mizani, haiwezi tena kulazimisha bodi ilale huku au kule, kwa hiyo unachokiona mbele wakati huo ni kazi ya springi za mbele peke yake. Pima mbele kulia na kushoto. Zikiwa sawa basi mkosaji yupo nyuma.

Na kama unayo madumu ya lita 20 yatafute kama kumi. Yajaze maji, yapange juu ya ekseli ya nyuma katikati, pima habu na madigadi kabla na baada. Dumu lenyewe ukiweka na kilo moja ya plastiki ni kilo 21, kumi ni 210, kila springi inapata 105. Gawa kwa milimita ilizoshuka unapata ugumu wa springi yako kabisa, huna haja ya kuambiwa na muuzaji. Usisahau kurukisha gari kila ukipima, shokapu na bushi za zamani zinashikilia.

---

Mkongwe80

Wakuu nimerudi na jibu na nimeshangaa.

Jeki chini ya difu ya nyuma: mbele kulia 50.2, kushoto 50.5. Tofauti milimita 3 tu! Kwa hiyo springi niliyokuwa nataka kuilaumu haina kosa.

Madumu: tumejaza kumi na kijana wangu, yeye anapokea mimi nainua, tumeyapanga mistari miwili juu ya ekseli, nikawa nalala chini naangalia ile raba huku yeye anaweka la mwisho. Nyuma kulia imeshuka milimita 44, kushoto 38. Ile nafasi ya 55 upande wa kulia ikabaki 11, yaani kidole changu kimoja hakipiti. Na hapo gari imesimama tu, haijaguswa na tuta. Nimeelewa kwa nini inagonga.

Nikapiga hesabu, kulia 105 gawa kwa 44 ni kama kilo 2.4 kwa milimita, kushoto 105 kwa 38 ni kama 2.8. Hizi si springi pacha. Basi nikazisugua kwa brashi ya waya mpaka rangi ikatoka nikapima unene wa chuma kwa venia, kulia 15.5, kushoto 16 kamili. Mtu alibadilisha moja akaacha nyingine, halafu akazipaka zote rangi nyeusi zikafanana.

Nusu milimita tu inaweza kuleta tofauti yote hiyo kweli?

---

Dada Spana

Ndiyo kaka, na hapo ndipo watu wengi hawapajui. Ugumu wa koili unapanda kwa unene wa chuma mara nne, yaani unene ukijizidisha wenyewe mara nne. Chukua 16 gawa kwa 15.5, unapata 1.032, izidishe yenyewe mara nne inakuwa kama 1.135, asilimia 13 na kitu. Wewe kwa madumu umepata tofauti ya kama asilimia 15. Kwa tepu na madumu hiyo ni kazi safi sana, nakupongeza kwa moyo wote. Upana wa koili nao unahesabika, na idadi ya mizunguko inayofanya kazi, koili ikiwa na mizunguko michache inakuwa ngumu. Ndiyo maana anayekata mzunguko mmoja wa springi anaishusha gari na kuifanya ngumu kwa wakati mmoja, na ile ncha iliyokatwa haikai tena kwenye kikombe chake.

Hiyo pia ni sababu ya kutodanganywa na urefu wa springi ikiwa mezani. Unaweza kuweka mbili pamoja, moja ndefu sentimita tatu kuliko mwenzake, ukazifunga na ile ndefu ikasimama chini kwa sababu ni laini. Urefu unaouhitaji ni ule ikiwa imebebeshwa.

Tuje kwenye uzito wako. Mbele una kilo 105 lakini hazikai juu ya ekseli, zinaning'inia sentimita 95 mbele yake. Hiyo gari kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni sentimita 285. Fikiria mtoto aliyekaa ncha ya ubao wa bembea, ekseli ya mbele ndiyo egemeo. Inavyobeba ni 105 mara 380 gawa kwa 285, inakuja kilo 140. Na hizo 35 za ziada umezitoa nyuma, bampa lako linanyanyua mkia. Kila springi ya mbele basi imeongezewa kilo 70. Kama springi ya mbele ni ya kilo 2.5 kwa milimita, 70 gawa kwa 2.5 ni milimita 28. Umeona? Ukinunua springi ya "inchi 2" iliyopangiwa gari isiyo na bampa, unaambiwa milimita 50, unafunga, unapata 22, unarudi kugombana na muuzaji na yeye hajakudanganya. Chukua ya mbele iliyoandikwa ya bampa na winchi, hapo ile 50 imeshahesabu huo uzito.

Nyuma kila siku una 120, toa 35 zilizonyanyuliwa, umebaki na 85 hivi. Hiyo siyo gari ya springi ya kilo 400. Chukua ya katikati, ile ya mzigo wa kudumu mpaka 150 au 200 kwa inavyoandikwa na wengi, ugumu karibu kilo 3.5 kwa milimita. Kilo 250 zako za safari ni 125 kwa kila springi, gawa kwa 3.5, itashuka kama milimita 36. Inavumilika. Ukiona bado, kuna baluni za hewa zinazoingia ndani ya koili, unajaza ukipakia unatoa ukishusha. Inchi 3 iache, nitakuambia kwa nini chini.

---

Nyundo Kimya

Kwa nini asiweke tu spesa za raba juu ya springi za sasa? Nyanyua sentimita tatu, imeisha, gharama ndogo.

---

Dada Spana

@Nyundo Kimya kwa springi nzima zenye afya spesa haina ubaya, mimi mwenyewe nimefunga moja ya milimita 10 kusawazisha gari iliyoegemea. Lakini spesa inapandisha gari bila kubadilisha ugumu. Ile springi ya kulia itabaki ya 2.4 na ya kushoto 2.8, akipakia itaegemea palepale. Kuna na watengenezaji wanaotoa jozi ambayo moja ni ndefu kidogo kwa makusudi, ya upande wa dereva, kwa hiyo kaka ukipokea zako usiseme wamekosea, angalia alama. Land Rover za zamani springi zake zina mistari ya rangi kwa sababu kama hiyo, kulia na kushoto hazifanani.

Sasa kuhusu inchi 3. Hii gari ekseli zake zote ni za mti mmoja. Ile fimbo ya upande inayoshika ekseli isiende kulia na kushoto imefungwa ncha moja kwenye chesesi na nyingine kwenye ekseli, ukinyanyua gari inazidi kulala mshazari na inavuta ekseli nzima kwenda upande ilikofungwa kwenye chesesi. Kwa inchi 2 ni milimita chache, wengi hawagundui. Mbele pia zile amu mbili zikishuka zinaizungusha ekseli, kasta (ule mlalo wa kwenda nyuma wa mhimili ambao tairi za mbele zinageukia) inapungua, usukani unakuwa mwepesi na haurudi wenyewe ukitoka kwenye kona, gari inatangatanga barabara kuu. Zipo bushi maalum zenye tundu lisilo katikati za kurekebisha hilo. Ila ukiirudisha kasta sana pua ya difu ya mbele inaelekea chini na propela shafti inakaa pembe mbaya inaanza kutetemeka. Kadiri unavyopanda unatibu hiki unaumiza kile. Kwa matumizi yako 50 inatosha.

---

fundi_timazi

Nakubaliana naye kabisa. Naongeza mawili.

Shokapu usinunue kwa kuambiwa "za inchi 2". Toa springi, shusha bodi taratibu kwa jeki mpaka raba iguse, pima kati ya bolti ya juu na ya chini ya shokapu. Shokapu ikiwa imefungwa kabisa lazima iwe fupi kuliko hapo, la sivyo ndiyo itakayokuwa bampstopu yako na itapasuka. Kisha acha ekseli ining'inie uone mpaka wapi, na hapohapo angalia vitu viwili: springi isilegee ikatoka kwenye kikombe, na paipu ya raba ya breki isivutike. Paipu ya breki ikiwa imenyooka kama kamba ya gitaa, usiondoke hapo gereji.

La pili, nyuma kama ina ile valvu ya breki yenye fimbo inayounganisha chesesi na ekseli, ile inapima mzigo. Ukinyanyua gari inadhani gari ipo tupu inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Irekebishwe fimbo au bano lake kwa kiasi ulichonyanyua.

@Pikapu Ngumu na wewe kwa faida yako, ukitaka kujua sheko ndefu itakupandisha kiasi gani, yaani kile kipande kinachoshika ncha ya nyuma ya springi, chukua urefu ulioongezeka ugawe kwa mbili. Sheko iliyoongezeka milimita 50 inakupa kama 25, kwa sababu ekseli ipo katikati ya springi na umenyanyua ncha moja. Na yubolti (zile bolti za umbo la U zinazobana springi na ekseli) zikifunguliwa usizirudishe, weka mpya, zikishavutwa mara moja hazikazi tena kama mwanzo.

---

Pikapu Ngumu

Nimekupata mzee, hilo la yubolti sikulijua, nimerudisha zilezile. Nazibadilisha wiki hii. Na dada nimekuelewa kuhusu kilo 400, yangu nikiwa sina mzigo kweli nyuma inarukaruka, nilidhani ni tairi.

---

Mkongwe80

Wakuu samahani nimekaa kimya muda, nilitaka nirudi na namba.

Nimefunga mbele springi za bampa na winchi, nyuma za katikati, zote zimeandikwa 50, pamoja na shokapu zilizopimwa kama alivyoelekeza fundi_timazi. Siku ya kwanza habu mpaka ukingo zilisoma mbele 54.8 na 55, nyuma 56.5 na 56.6. Nikatembea kilomita 1,000 hivi nikapima palepale, mafuta nusu tangi kama mwanzo, masanduku na maji ndani: mbele 54.2 na 54.3, nyuma 55.8 na 55.9. Zimekaa chini milimita sita saba na zimetulia, wiki mbili baadaye ni hizohizo. Imesimama wima kabisa, nimesimama nyuma yake hatua kumi kama siku ile nikaitazama muda mrefu.

Kilichonifurahisha ni hiki, ukilinganisha na ya jamaa isiyoguswa nimepanda milimita 37 mbele na 38 nyuma. Ukilinganisha na ilivyokuwa yangu nimepanda 40 mbele lakini nyuma ni 73. Na kwenye boksi imeandikwa 50. Namba tatu, springi zilezile. Mtu akiniambia amenyanyua inchi fulani sasa namuuliza kutoka wapi.

Usukani ulikuwa mwepesi kama dada alivyosema, nikaipeleka kwenye mashine ya alaimenti kasta ikasoma nyuzi 0.5 kulia na 0.7 kushoto. Nimefunga zile bushi, sasa ni 2.6 na 2.8 na haitangatangi tena, propela shafti haitetemeki. Juzi nimepakia mzigo wote wa safari na watu wanne nikapita kwenye lile tuta, haikugonga.

Limebaki moja tu, ile valvu ya breki. Bano lake la kwenye ekseli nimelinyanyua kwa kipande cha chuma, lakini nilinyanyue 38 kama ya jamaa au 73 kama ilivyopanda yangu?

---

fundi_timazi

Kama fimbo haikuwahi kuguswa ni 38 mkuu. Valvu ilipangwa kiwandani kwa kimo cha gari nzima, siyo kwa kimo cha springi zilizochoka. Lakini angalia kwanza kama aliyefunga ile springi moja hakuichezea na fimbo, tafuta alama ya kutu ya pale nati ilipokaa miaka yote. Kisha jaribu breki sehemu ya wazi yenye changarawe, mwendo mdogo, gari tupu na halafu na madumu yako kumi, mtu asimame pembeni aangalie tairi. Za mbele ndizo zitangulie kufunga mara zote mbili. Nyuma ikitangulia, punguza.

---

Mkongwe80

Alama ya kutu ipo na nati ipo juu yake, haijaguswa. Nimeweka 38. Kesho asubuhi najaza madumu tena, kijana ameshayapanga mlangoni.